Ukuta Wenye Kitambi

Siku tuliyokwenda kutalii mji wetu wenyewe, mume wangu na mimi tulitoka nyumbani kama watu wasiojuana. Yeye alitangulia. Mimi nilitakiwa nihesabu hadi mia mbili ndipo nitoke, lakini nilipofika sabini nikajiuliza kama nimevaa viatu au bado niko na ndara. Nikatazama chini, hesabu ikapotea. Nikaona sabini na kitu inatosha kwa watu wasiojuana.

Maagizo hayo yalitoka kwa mjukuu wetu. Amesomea kuchora majengo, na kwa miaka miwili cheti chake kilikaa kwenye bahasha chini ya godoro langu, mahali ninapoweka vitu vya maana. Ndipo ofisi moja inayotembeza wageni kwa miguu kuwaonyesha majengo mapya ya katikati ya mji ikasema itamjaribu Jumamosi moja. Wageni wasipungue wanane. Mkubwa wa ofisi atafuata nyuma na daftari. Ziara ikienda vizuri, Jumatatu anaanza kazi. Isipokwenda vizuri, ahsante kwa kuja.

Ijumaa mchana waliojiandikisha walikuwa watano.

"Bibi, kesho una kazi gani?" aliniuliza wakati ananisaidia kuanua nguo.

"Kazi yangu unaijua. Kumkumbusha babu yako dawa, na kubishana naye kama ameshakunywa."

"Nataka muwe wageni wangu. Wewe, babu, na fundi cherehani."

"Wageni wa kutoka wapi?"

"Wageni tu. Siwajui, hamnijui. Na ninyi kwa ninyi hamjuani."

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, anakwangua kutu kwenye mwiko wake wa uashi ambao hajaujengea kitu tangu astaafu. "Mwanamke huyu nimekaa naye miaka arobaini na saba," akasema, "na sina hakika kama namjua. Hilo kwangu jepesi."

"Na wewe, bibi, usiniite mke mwenzio, hata kwa bahati mbaya."

Nikaahidi. Tangu mtoto huyu azaliwe babu yake anamwita mke mdogo, mimi namwita mke mwenzangu, na tunagombania mume ambaye, kusema kweli, hakuna kati yetu anayemtaka akiwa na mafua.

"Tutamaliza na maktaba," mjukuu akaendelea. "Ukuta wako tutauona, babu. Ila usiseme kama ni wako."

Mwiko ukatulia. "Mtapita maktaba?"

"Ndicho kituo kikubwa."

"Sijui magoti yangu kesho yataamkaje."

Mimi nikadhani ni magoti.

Inafaa niseme kuhusu huo ukuta. Nyumbani kwetu ulikuwa kama ndugu anayeishi mbali. Mtoto akirudi na alama mbaya, aliambiwa, "Mimi sikusoma, lakini nimejenga ukuta wa maktaba." Mgeni akija, kabla hajamaliza kuketi, ameshaujua. Miaka ishirini mume wangu ameusifu, na miaka ishirini hajanipeleka kuuona. Leo jua kali, kesho matope. Nami sikwenda peke yangu. Maktaba ni ya wasomaji, na mimi nasoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Niliona haya kwenda kutazama nje ya nyumba ambayo ndani yake sina shughuli.

*

Tulikutana asubuhi chini ya jengo refu la vioo ambalo watu wote wa mji wanaliita Jagi, kwa sababu ni jembamba chini na pana juu. Mjukuu alikuwa ameshika mwavuli wa njano juu ya kichwa chake ili tusipotee. Wale watano wa kweli walikuwepo: bwana mmoja mwenye kamera kubwa shingoni, mama mmoja mwenye kofia pana, na wasichana watatu wa chuo waliokwenda pamoja hatua kwa hatua. Mkubwa wa ofisi alisimama nyuma na daftari lake. Sikuambiwa jina lake, na kwa jinsi alivyoandika bila kupumzika nikampa moyoni jina la Mama Kalamu.

Fundi cherehani alikuwa amevaa suti aliyoshonea mteja ambaye hakuja kuichukua. Aliambiwa asiseme neno, naye akalichukulia agizo hilo kwa uzito wote. Hata alipokanyagwa, hakugutuka.

"Karibuni," mjukuu alianza. Sauti ilitetemeka kidogo. Nikaona kifungo cha juu cha shati lake kimefunguka. Naapa sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, ukafunga kifungo, ukalainisha na kola.

"Ahsante, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokotewa kalamu na mpita njia.

Nilijua ni maigizo, lakini yaliniuma. Nyuma yangu nikasikia daftari likifunuliwa.

Akaeleza kwamba vioo vya jengo lile vinaakisi mawingu, hivyo jengo linabadilika kila saa, na wasichana wa chuo wakaitikia. Tukaambiwa tuingie ukumbini. Mlangoni nikakutana na mama mmoja mzee, amechoka, anatoka na haraka zake. Nikampisha. Naye akanipisha. Nikasogea kushoto, akasogea huko huko. Nikamwambia, "Tangulia tu, mama," na midomo yake ikasema hivyo hivyo.

Watu walikuwa wananitazama. Mama wa kofia hakucheka. Alinishika mkono tu, akanivusha hatua mbili kutoka kwenye kioo hadi ulipo mlango wenyewe, na akasema, "Mimi nilishawahi kumgombeza wa kwangu." Nimesahau mengi ya siku ile, lakini hilo sijalisahau.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye nyumba za kupanga za ghorofa kumi na mbili zenye miti kwenye kila baraza. Mjukuu alikuwa ameshapata sauti yake. Alieleza jinsi maji yanavyopandishwa hadi kwenye miti, na kwa nini madirisha yameelekea upande wa upepo, mpaka hata mimi nisiye na baraza nikaona kwamba dirisha ni jambo la kufikiriwa. Alipokuwa anaulizwa na wasichana wa chuo, tulikaa kwenye mabenchi. Mume wangu alikaa benchi la mbali, kama tulivyoagizwa, anasugua magoti.

"Mzee yule anaonekana mpole," mama wa kofia akaninong'oneza.

"Anaonekana."

"Amekuja peke yake. Na wewe umekuja peke yako."

"Ndiyo."

"Watu wa umri wetu wasione haya, dada yangu. Nenda kamsalimie. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, maana mimi ni mjane wa mwaka wa sita."

Nikamtazama mume wangu kwa macho ya mtu mwingine, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Shati nililipiga pasi mimi. Ndevu amejinyoa mwenyewe, akaacha kishungi chini ya kidevu, kama kawaida. "Huyo anakoroma," nikasema.

"Umejuaje?"

"Pua yake inasema."

Mama wa kofia akaenda. Walizungumza kwa dakika kumi, na mume wangu akacheka mara mbili. Nyumbani, mara mbili ni hesabu ya mwezi mzima.

*

Kadiri tulivyokaribia maktaba ndivyo mume wangu alivyobaki nyuma. Nikamsubiri kwenye kona, nikajifanya natoa kokoto kwenye kiatu.

"Magoti?" nikamuuliza bila kumtazama.

"Magoti."

"Jikaze. Ukuta wako huo hapo."

Akaingiza mkono mfukoni, akanifuata.

Sikutegemea utakuwa mkubwa vile. Ulikuwa wa zege tupu, bila rangi, urefu wake nyumba nne kama yetu zikipangwa mstari. Katikati, kuanzia kifuani kwa mtu, ukuta ulifura ukatoka nje taratibu, kisha ukarudi ndani. Nikajikuta nimefura na mimi, kwa fahari. Nilitaka kumwambia kila aliyepita barabarani.

"Msanifu alitaka ukuta huu ufanane na ukurasa unaofunuliwa," mjukuu akasema. Maneno hayo aliyakariri wiki nzima, hata wakati wa kuosha vyombo. "Ndiyo maana hapa katikati unatoka nje kidogo, kama karatasi inayoinuliwa na kidole cha msomaji."

"Samahani, dada," akasema bwana mwenye kamera. "Ukurasa huinukia pembeni. Hauinukii tumboni."

Wasichana wa chuo wakageuka.

"Tena nimezunguka," akaendelea. "Ukuta wa upande wa pili umenyooka kabisa. Sasa kama ni ukurasa, mbona kitabu chenyewe kina ukurasa mmoja?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao wakinunua pasi wanasoma kwanza karatasi ya maelezo hadi mwisho.

Mjukuu akafungua kijitabu cha ofisi, akakifunga. "Msanifu..." akasema, na neno la pili halikuja. Nyuma yetu kalamu ikasimama. Asubuhi yote nilikuwa naogopa ile kalamu inapoandika. Sasa nikajua kwamba ikinyamaza ni vibaya zaidi.

Mwavuli wa njano ukaanza kushuka. Nilimtazama mjukuu wangu, nikaona sura ile ile ya siku alizokuwa akirudi na bahasha yake, ofisi baada ya ofisi. Akishindwa pale, atarudi nayo tena chini ya godoro.

Mume wangu akapita katikati ya watu. Akatoa mfukoni timazi yake ya kupimia kama ukuta umesimama wima, kamba na kipande cha shaba, kitu anachotembea nacho kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Akainua mkono, akaibana kamba kwenye ukuta juu kabisa alikofika, akakiachia kile kipande cha shaba. Kikayumba, kikatulia. Kamba ilikuwa imeegemea pale ukuta ulipofura, na chini, kati yake na ukuta, ungeweza kupitisha ngumi.

"Hakuna aliyekusudia," akasema. "Hiki ni kitambi. Zege likimwagwa kabla miti inayoegemeza mbao za kulizuia haijakazwa, mbao zinasukumwa, na ukuta unaota kitambi. Aliyetakiwa kukaza ni mimi."

Msichana mmoja wa chuo akagusa ukuta kwa kiganja, kama anayegusa tumbo la mjamzito.

"Niliitwa nyumbani katikati ya kazi. Simu ilipigwa ofisi ya pale jengoni: mwambieni aje upesi, kuna jambo. Ukiambiwa kuna jambo huulizi ni jambo gani. Unakimbia huku unawahesabu watu wako. Nikawaambia wenzangu wakaze. Wenzangu wakadhani nimeshakaza. Na zege halimsubiri mtu." Akaikunja kamba yake polepole. "Mbao zilipofunguliwa, msanifu alisimama hapo hapo ulipo wewe, bwana, muda mrefu. Kuubomoa ilikuwa hasara. Akasema, uacheni, nitautafutia maana. Ukuta ukatafutiwa maana, mimi nikatafutiwa mlango."

"Walikufukuza?" mama wa kofia akauliza.

"Siku hiyo hiyo. Na walikuwa na haki."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu, na safari hii hesabu haikunipotea. Baada ya siku ile mume wangu aliendelea kutoka alfajiri na mfuko wake wa kazi, miezi mitatu. Nilimfungia chakula kila siku. Jioni nikamuuliza, ukuta umefika wapi? Akanijibu, unapanda. Ukuta ambao ulishakwisha.

Mama Kalamu akasogea mbele. "Hayo yamo kwenye kijitabu?" akamuuliza mjukuu.

"Hayamo."

"Mzee huyu unamfahamu?"

Angeweza kusema hapana. Tulishakubaliana tangu Ijumaa, na kama angesema hapana, mimi ningemsaidia na babu yake angeondoka zake barabarani kama mzee yeyote mwenye maneno mengi. Mjukuu akaufunga mwavuli, akaukaza na kile kikamba chake, bila haraka.

"Ni babu yangu," akasema.

"Sawa," akasema Mama Kalamu, na akaandika.

"Na lile jambo la nyumbani, mzee?" akauliza msichana aliyekuwa anagusa ukuta. "Lilikuwa nini?"

Mume wangu hakunitazama. "Mke wangu aliugua ghafla."

"Alipona?"

"Alipona. Yuko mzima. Anasumbua kidogo."

"Maskini," mama wa kofia akasema, akampapasa bega.

Mimi sikuugua. Siku ile nilitoka na mjukuu, akiwa na miaka minne, kwenda kuteka maji, nikafunga mlango kwa kufuli. Tuliporudi ufunguo haukuonekana. Mtoto analia anataka kulala, jua la saa saba, majirani wamekaa nje wananitazama. Nikaona aibu kusema kwenye simu ya dukani kwamba mtu mzima nimepoteza ufunguo. Nikasema tu, kuna jambo. Alifika anahema, uso umekuwa majivu. Alivunja kufuli kwa nyundo. Mtoto akapiga chafya, nikafungua pindo la nguo yangu nimfute kamasi, na ufunguo ukaanguka miguuni kwake. Aliuokota, akanipa, akaomba maji ya kunywa. Miaka ishirini, katika ugomvi wote tuliogombana, hata ule wa paa lililovuja, hakuwahi kunitupia ufunguo ule.

"Hakukuwa na mgonjwa," nikasema.

Watu wote wakanigeukia.

"Mke wake ni mimi. Nilikuwa nimepoteza ufunguo wa nyumba, nao ulikuwa kwenye pindo la nguo niliyovaa. Kijitabu chenu kikiandikwa upya, andikeni hivyo. Si ukurasa. Ni bibi mmoja na ufunguo wake."

Bwana mwenye kamera ndiye aliyeanza kucheka, kisha wasichana, kisha mume wangu, mara ya tatu siku hiyo. Mama wa kofia akaweka mkono kinywani. "Ndiyo maana ulijua anakoroma."

"Na huyo ni bibi yangu," mjukuu akasema, kama mtu anayetoa mizigo yote garini.

Fundi cherehani akainua mkono. "Mimi ni jirani," akasema, sauti imekauka kwa kukaa kimya. "Ila kwa upande wangu sikuharibu kitu."

*

Mama Kalamu alisubiri wageni wapate maji ya kunywa, akatuita pembeni sote wanne kama watoto waliovunja dirisha.

"Wewe mama nilikujua tangu kifungo," akaniambia. "Mgeni gani anamfunga vifungo anayemtembeza?"

Nikasema samahani. Nilitafuta neno kubwa zaidi, sikulipata.

Akamgeukia mjukuu. "Nilitaka wanane, umeniletea watano na ukoo. Kwa hiyo leo sikupi kazi."

"Nimeelewa," mjukuu akasema.

"Lakini ulipojiuliza moyoni kama useme hapana, nilikuona. Ulichukua muda kufunga mwavuli, ukasema kweli. Jumamosi ijayo rudi na wanane wengine. Hawa watatu wakae nyumbani."

Njia nzima ya kurudi nilimwomba radhi. Alinisikiliza hadi tulipofika karibu na duka, akasema, "Bibi, unajua wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza aliyemsalimia Jagi?" Nikajua amenisamehe, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye bado hajui Jumamosi ijayo itamletea nini.

Usiku ule sikumuuliza mume wangu alikuwa akienda wapi miezi ile mitatu. Nilimwambia tu, "Chakula nilichokufungia, ulikuwa unakula wapi?"

"Kwenye kivuli cha ule ukuta," akasema. "Nilikuwa naomba kibarua pale karibu. Mchana nakaa hapo na kuutazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuufunga ufunguo kwenye pindo. Ungeanza kuuficha mahali pengine, na pengine tusingeuona kabisa."

*

Jumamosi iliyofuata tulikatazwa kwenda, tukatii. Habari za huko niliambiwa baadaye. Walikuja kumi na mmoja. Bwana mwenye kamera alirudi na mke wake. Mama wa kofia alileta wajane wenzake wawili. Walipofika maktaba, mjukuu hakusema ukurasa. Alitoa mfukoni timazi aliyoazimwa na babu yake, akaibana ukutani.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka mara moja tu, hadi kwa fundi cherehani kumrudishia sindano. Tuliporudi nikapapasa pindo. Hamna. Nikapapasa pindo la pili, nikavua hata kiatu.

"Usipige simu," mume wangu akasema.

Tukakaa kizingitini. Jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Majirani walitutazama, nami safari hii nikawapungia mkono. Saa kumi mjukuu akatokea kwenye kona. Nilimjua kwa mbali kwa mwavuli. Ulikuwa umefunguliwa, ameuinua juu, ingawa hakuwa na mtu wa kumfuata.

Alifika, akatukuta tumekaa nje kama mizigo. "Mmefungiwa?"

"Kwanza sema," nikamwambia.

"Jumatatu, saa mbili," akasema. "Naanza."

Babu yake akainuka ili amshike mkono, na kwenye kuinuka kitu kikaanguka kutoka mfuko anaowekea timazi, kikagonga kizingiti. Sote watatu tukakitazama. Ufunguo, alikuwa nao yeye.

Aliona haya kweli, mzee wa watu. Alifungua mdomo ajitetee. Nikauokota, nikampa, nikamwomba maji ya kunywa.